Huenda

Daktari Kaseza hajui kudanganya, ndiyo shida yake.
Nilimuuliza mdogo wangu ana nini,
akanichorea nyuma ya fomu ya maabara
duara, mshale, duara:
huku serotonini hutoka, huku hupokelewa,
hapa ikishatumika huvunjwa,
na vipande vyake huteremka hadi kwenye mkojo.
"Huenda," akasema, "kwa wenye skizofrenia
njia hii imepinda mahali. Huenda haijapinda.
Wenzetu wengine wanatafuta penginepo kabisa.
Tunaomba mkojo wake wa siku nzima."

Huenda.
Neno hilo mimi nalijua kwa maana yake ya pili.
Lushinge huenda Mwaloni kila alfajiri,
husimama pale ilipokuwa mizani yake,
hupima magunia ya dagaa yasiyokuwepo,
hutaja kilo, hutaja mwenye mali,
wala hakosei kujumlisha.
Miaka sita aliwapimia watu mali zao.
Sasa anapimwa yeye, kwa chupa ya lita tatu
yenye tindikali chini na jina lake ubavuni.

Masharti: siku tatu bila ndizi,
bila nanasi, nyanya, parachichi,
maana yana serotonini yao wenyewe
nayo ingeingia kwenye hesabu kama shahidi wa uongo.
Na chupa ikae baridini.
Sisi wa Mabatini, juu mawe, chini mawe,
friji tunaliona dukani.
Nikaifunga kwa nailoni mara nne
nikailaza kwenye sanduku la barafu
kati ya sangara ninaowauza.
Mteja mmoja akauliza, ile nini?
Dawa ya mdogo wangu, nikasema.
Ilikuwa karibu na ukweli.

Baba mdogo alikuja kutoka Magu na neno lake:
kijana kachezewa, ile mizani ilikuwa na wenye wivu.
Sikubishana. Nilimpa kiti, nikampa ugali.
Mtu akiugua, kila mwenye kinywa ni mtaalamu,
na mimi ninayelala mlangoni asitoke usiku
ndiye niliyebaki mwanafunzi.

Usiku wa pili nilikuta maganda.
Matatu, chini ya mto, yamekunjwa vizuri kama leso.
"Lushinge, umekula ndizi?"
Akanitazama kwa ile huruma yake
anayonionea mimi nisiyesikia.
"Wamekula wao," akasema. "Mimi nimewamenyea tu."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka
mpaka naye akacheka,
tukawa tena watoto wawili
kwenye migomba ya bibi, mashavu yamejaa.
Kisha akanyamaza, akageuza shingo,
akamjibu mtu aliyekuwa nyuma yangu.

Ningeweza kunyamaza na maganda yangu.
Asubuhi nikaandika kwenye fomu:
*Ndizi tatu. Walaji hawajulikani.*
Daktari aliisoma mara mbili, akavua miwani.
"Itabidi tuanze upya, dada.
Na nikwambie kingine:
serotonini nyingi ya mtu haiko kichwani, iko tumboni.
Mkojo huu huenda ukatupa zaidi habari za utumbo."
Mama alisema hivyo mwaka ule wa kwanza:
huyu alikichukia chakula kabla hajawachukia watu.
Hakuna aliyeliandika.

Nilishuka na chupa mpya.
Yeye alikuwa palepale, Mwaloni,
wapagazi wakimpita kama wanavyolipita jiwe.
Sikujua la kumwambia. Nikampa chupa.
Akaishika kwa mikono miwili, akafumba macho,
akaiacha ikae mpaka itulie.
"Gramu mia na themanini," akasema. "Tupu.
Mwenye mali nani?"

Nikaigeuza ubavu, nikamsomea jina.
Akaliandika hewani, herufi kwa herufi,
kama la mteja mgeni,
akasema, "Apite."